Aliyeng'oa Fyuzi ya ABS Ameweka Nini Mahali Pake?

Fyuzi ya ABS ni kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mara nyingi hukaa chini ya kiti, ndani ya kisanduku chenye kifuniko, na kwa koleo ndogo hung'oka kwa muda usiotosha hata kufunga kamba za viatu. Vijana wanaojifunza sarakasi za pikipiki hupashana habari zake mapema, wengine kabla hawajajua kuituliza klachi: ng'oa ile fyuzi, kompyuta itakuacha ucheze. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Breki za kisasa zinagombana kweli na sarakasi, na wengi wa wanaolipwa kwa kazi hiyo hawazitaki kwenye pikipiki zao za maonyesho. Lakini bingwa anapoiondoa ABS huwa ameshaweka vitu vingine vinne au vitano mahali pake, na ameshatoka barabarani. Kijana wa mtaani anang'oa fyuzi, anafunga kiti, anarudi kwenye foleni na pikipiki ileile. Watu hawa wawili huhesabiwa kundi moja, na nadhani hapo ndipo mjadala wote unapopotoka.

Ili ugomvi wenyewe ueleweke, tutazame ABS inajua nini na haijui nini. BMW iliweka ABS ya kielektroniki kwenye pikipiki zake za K100 mwaka 1988, ukiwa mtambo wa kilo 11 hivi; leo Bosch wanauza mtambo usiofika kilo 1. Umbo limepungua, kazi ni ileile. Kila gurudumu lina pete yenye meno au matundu, na sensa iliyo karibu nayo inahesabu yanavyopita. Kompyuta haioni barabara, haimwoni mtoto aliyekatiza, haijui kama mvua imenyesha. Kwenye mifumo ya kawaida inazo namba mbili tu: kasi ya tairi la mbele na kasi ya tairi la nyuma. Mwendeshaji anapobana breki, inatazama kama namba mojawapo inaporomoka upesi kuliko pikipiki yenyewe inavyoweza kupunguza mwendo. Ikiwa hivyo, tairi linaelekea kufunga. Vali inaachia shinikizo la mafuta ya breki, tairi linazunguka tena, shinikizo linarudi, na hayo hurudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja. Hesabu yote imejengwa juu ya jambo moja ambalo kwa mwendeshaji wa kawaida halina shaka: matairi yote mawili yako chini.

Sarakasi huanza pale jambo hilo linapovunjwa. Chukua wili, yaani kunyanyua tairi la mbele na kwenda kwa la nyuma peke yake. Tairi la mbele likishakuwa hewani halisukumwi na kitu. Linazunguka kwa nguvu iliyobaki, huku beringi na pedi za breki zikilipunguza kidogo kidogo. Baada ya muda kompyuta inasoma kilomita 50 kwa saa nyuma na 30 mbele. Kwa pikipiki isiyo na sensa ya mwinamo, tafsiri iliyo karibu ni kwamba tairi la nyuma linateleza, kana kwamba limekanyaga tope. Mfumo wa kuzuia kuteleza unakata nguvu ya injini, na tairi la mbele linaanguka kwa kishindo wakati mchezaji amejiegemeza kwenye nguvu ileile iliyokatwa. Upande wa breki mambo huwa ya kimyakimya zaidi. Namba mbili zikipingana kwa muda mrefu, ABS inaweza kuhitimisha kuwa ina hitilafu, ikawasha taa ya onyo na kujizima. Haya si maneno ya kijiweni. Vitabu vya mwongozo vya BMW vinataja, kati ya hali zinazoweza kuleta ujumbe wa hitilafu ya ABS, kwenda kwa muda mrefu tairi la mbele likiwa juu, na kulizungusha tairi la nyuma huku pikipiki imeshikiliwa na breki ya mbele. Kwa kawaida ujumbe huo huondoka kwa kuzima swichi na kuwasha upya. Sasa fikiria mtu aliyecheza dakika tano kwenye uwanja mtupu, kisha akaingia barabara kuu bila kuzima injini. Hajang'oa chochote, na bado anakwenda bila ABS.

Stopi ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba ugomvi huu ni wa fizikia kabla haujawa wa kompyuta. Kwenye stopi mchezaji hubana breki ya mbele hadi mgongo wa pikipiki unainuka na tairi la nyuma linaelea. Tupige hesabu. Chukua pikipiki ya michezo ambayo, pamoja na mtu wake, kitovu cha uzito kiko sentimita 65 juu ya ardhi na sentimita 70 nyuma ya pale tairi la mbele linapogusa lami. Nguvu ya breki inajaribu kuipindua mbele kwa mkono wa sentimita 65; uzito unairudisha chini kwa mkono wa sentimita 70. Mizani husawazika mwendo unapopungua kwa karibu kilomita 38 kwa saa katika kila sekunde. Kutoka kilomita 60 kwa saa, huko ni kusimama ndani ya mita 13 hivi. Ukizidisha hapo tairi la nyuma linanyanyuka, uwe bingwa au mwanagenzi. Kwa maneno mengine, mwisho wa kusimama haraka na mwanzo wa stopi ni mstari mmoja. Lami kavu inashika vya kutosha kuufikia mstari huo. Lami iliyolowa au yenye mchanga haishiki, na tairi la mbele litafunga na kuteleza kabla mgongo haujainuka. ABS za mwanzo hazikuisumbua stopi, maana tairi la mbele lililoshika vizuri halikuzipa sababu ya kuingilia. Nyingi za leo zinaingilia: zikiona dalili kwamba nyuma inapoteza uzito, zinapunguza shinikizo la mbele ili tairi lirudi chini. Mchezaji ana haki ya kuliogopa jambo hilo, kwa sababu ameshachagua mahali pa kusimama, na breki ikimlegezea katikati ya tendo atapitiliza.

Kuna tatizo la tatu ambalo halizungumzwi sana, nalo linazigusa pikipiki ndogo. Sheria za Ulaya, zilizoanza kutumika mwaka 2016 kwa aina mpya za pikipiki, na za India, zilizofuata mwaka 2018, zinadai ABS kwenye pikipiki zinazozidi cc 125 lakini zinaziruhusu zile ndogo kutumia breki zilizounganishwa, ambapo kukanyaga pedali ya nyuma kunabana pia breki ya mbele. Barabarani huo ni msaada mkubwa, maana watu wengi hukanyaga ya nyuma na kuisahau ya mbele. Kwenye wili ni balaa. Pedali ya nyuma ndiyo inayomshikilia mchezaji: pikipiki ikizidi kuegemea nyuma, anaigusa na pua inashuka. Mguso huo ukibana na breki ya mbele, tairi lililo hewani linapunguzwa au kusimamishwa kabisa, kisha linatua likiwa limesimama ilhali lami inakimbia chini yake. Usukani unatikisika papo hapo, mikononi mwa mtu aliyetegemea kutua kwa ulaini.

Sasa tazama pikipiki ya mchezaji kamili. Kwenye ulimwengu wa mashindano kama Stunt GP ya Bydgoszcz, Poland, kwa miaka mingi zimependwa Honda CBR600F4i na Kawasaki ZX-6R za cc 636 za mwanzoni mwa miaka ya 2000, pikipiki zilizotoka kiwandani kabla ABS haijafika kwenye daraja lao. Hazikuachwa zilivyo. Sproketi ya nyuma, iliyokuwa na meno arobaini na kitu, imebadilishwa ikawekwa yenye meno 60 hivi, ili injini iweze kunyanyua pua kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Mzunguko wa injini ikiwa imetulia umepandishwa ili isizime katikati ya tendo. Upande wa kushoto wa usukani kuna leva ya pili, jirani na ya klachi, inayobana kaliperi ya ziada kwenye gurudumu la nyuma kwa mafuta yake yenyewe. Mchezaji anaposimama juu ya tangi au anapokaa kinyume, mguu wake uko mbali na pedali, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto ndicho kinachomzuia asipinduke. Nyuma ya mkia kuna chuma kilichofungwa kwenye fremu. Pikipiki ikisimama wima, chuma hicho kinakwaruza lami na kuizuia isiende zaidi. Wenyewe huiita hali hiyo saa kumi na mbili, kwa namba ambayo mshale unaielekea. Kwa msomaji wa Kiswahili ni saa sita kamili, mishale yote miwili juu. Ubavuni kuna kizimba cha vyuma. Na kila kitu hutendeka kwenye lami iliyofungwa, isiyo na daladala wala mpita njia. Ukijumlisha, utaona kwamba ulinzi umehamishwa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye chuma, kidole na eneo. Chris Pfeiffer, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia wa sarakasi hizi zaidi ya mara moja, alicheza kwenye BMW F 800 R, na BMW ikatoa toleo la barabarani lenye jina lake. Aliyenunua toleo hilo kwa sehemu kubwa alinunua rangi na jina. Marekebisho ya pikipiki ya maonyesho hayakuja nalo.

Hata marekebisho hayo hayamfanyi mchezaji kuwa salama, na fundi yeyote wa pikipiki hizi anajua breki ya nyuma inavyosaliti. Iliundwa kwa kuguswa mara mojamoja. Kwenye wili za kuzunguka duara inabanwa kidogo kidogo bila kupumzika, na disiki ndogo ya nyuma hugeuka rangi ya buluu kwa joto. Joto linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni, linafika kwenye mafuta. Mafuta mapya ya DOT 4 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya unyevu wa hewa, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka hutoa viputo, viputo hubonyea, na leva iliyokuwa ngumu inakwenda hadi kwenye mpini bila kubana kitu. Ndiyo sababu mchezaji makini hubadilisha mafuta hayo mara kwa mara, na huibana leva kabla ya tendo ili kusikia kama imelegea. Video ya sekunde thelathini kwenye simu haionyeshi kazi hiyo, na anayejifunza kwa video hajui hata kwamba ipo.

Aliyeng'oa fyuzi mtaani hana lolote kati ya hayo. Sproketi yake ni ya kiwandani, hivyo mara nyingi anacheza kwenye kilomita 60 au 80 kwa saa badala ya 20. Na kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kuanguka kwenye 80 kunabeba nishati mara 16 ya kuanguka kwenye 20. Hana leva ya pili, hana chuma cha mkiani. Watetezi wa fyuzi husema: mamia kwa maelfu ya bodaboda Afrika Mashariki hazina ABS na abiria wanafika, kelele ya nini? Pingamizi hili linastahili jibu kamili. Boxer au TVS HLX ina uzito wa kilo mia na ushee, nyingi zina breki za dramu, na kulifunga tairi la mbele kwa dramu hiyo kunataka kubana kwa mkono mzima. Pikipiki kubwa ya michezo ina disiki mbili mbele, kila moja yenye kipenyo cha milimita 320 hivi na kaliperi ya pistoni nne, na kwenye lami yenye vumbi vidole viwili vinatosha. Breki kali za aina hiyo zilikuwapo kabla ya ABS, kweli, lakini waliozitumia walijifunza taratibu mahali tairi linapoanza kuachia. Mtu aliyejifunza kubana akiwa na ABS mkono wake haujawahi kuonja mahali hapo. Siku atakayotokewa na gari kwenye makutano, mkono utafanya ulichozoea, yaani kubana kwa nguvu zote, na safari hii hakuna vali itakayoachia.

Wako wanaojibu kwamba mwendeshaji hodari husimama kwa umbali mfupi kuliko kompyuta. Uwanjani, kwenye lami kavu, akijua ni lini atabana, na akiwa amerudia mara kumi, inawezekana. Barabarani hakuna marudio. IIHS, taasisi ya utafiti inayogharimiwa na kampuni za bima za Marekani, imelinganisha kwa miaka mingi pikipiki za aina ileile zenye ABS na zisizo nayo. Matokeo yake ya mwaka 2013 yalionyesha kiwango cha ajali za vifo kikiwa pungufu kwa asilimia 31 kwa zenye ABS. Uchambuzi wa baadaye ukakuta asilimia 22. Inaweza kusemwa kwamba anayelipia ABS ni mtu mwangalifu tangu mwanzo, na sehemu ya tofauti hiyo ni tabia yake. Ninakubali sehemu. Lakini hata ukiikata namba hiyo nusu, kinachobaki ni watu walio hai, na sijaona kifaa kingine cha pikipiki kinachonunua kiasi hicho kwa kitu chenye uzito wa chini ya kilo moja. Ninakubali pia kwamba kwenye kokoto au changarawe tairi lililofunga huweza kuchimba na kusimama upesi zaidi. Ndiyo maana pikipiki za safari huja na hali ya nje ya lami.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka upande wa wahandisi wenyewe. KTM 1190 Adventure ya mwaka 2014 ilikuwa ya kwanza kubeba mfumo wa Bosch unaosoma mwinamo wa pikipiki zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Kompyuta ya namna hii haijifungi kwenye namba mbili tena. Inajua pua imeinuka, inatofautisha wili na tope, na kwenye pikipiki kadhaa za leo mwendeshaji huchagua mwenyewe tairi la mbele liruhusiwe kuinuka kiasi gani. KTM hiyohiyo imeweka kwenye Duke zake, ikiwemo 390 ndogo, hali ya supermoto: ABS ya nyuma inazimwa ili tairi liweze kufungwa na kuteleza, ya mbele inabaki kazini. Je, ugomvi haujaisha? Umepungua, na ninaufurahia upungufu huo. Anayetaka kuitelezesha nyuma kwenye uwanja akitumia hali hiyo amefanya jambo la busara kuliko wa fyuzi, kwa kuwa kinga ya mbele, ambayo ndiyo yenye thamani kubwa, haijaguswa. Lakini kompyuta inasoma pembe, haisomi nia. Pua inayopanda kwa sababu mchezaji ameivuta na pua inayopanda kwa sababu ameshtuka akafungua mafuta mengi ni pembe ileile. Aliyeandika programu analazimika kumfikiria aliyeshtuka, kwani wa aina hiyo ni wengi zaidi. Mslovenia Rok Bagoroš ameonyesha kwa miaka mingi yanayowezekana kwenye Duke ndogo. Ukiitazama kwa karibu pikipiki anayochezea, utaiona ile leva ya pili upande wa kushoto.

Kilichobaki ni mtu ambaye hajatajwa popote katika mabishano haya, naye ndiye ninayemfikiria zaidi. Pikipiki hubadilisha mikono. Aliyecheza nayo miezi sita anaiosha, anaipiga picha, anaiuza. Anayeinunua hajui kwamba fyuzi ilitolewa, au kwamba mtambo mzima ulifunguliwa na paipu za breki zikaunganishwa moja kwa moja na hewa kidogo ikabaki ndani. Kwenye baadhi ya pikipiki kasi ya dashibodi nayo husomwa kutoka sensa ya ABS, hivyo hata mshale wa mwendo unaweza kuwa umekufa naye akaambiwa ni waya tu. Anaondoka akiamini herufi tatu zilizoandikwa kwenye madigadi ya mbele. Dalili zipo kwa anayezitafuta: mikwaruzo chini ya mkia, beringi za usukani zinazogonga ukibana breki ya mbele na kuisukuma pikipiki, sproketi yenye alama za boliti zilizofunguliwa mara nyingi. Iliyo wazi zaidi ni taa. Ukiwasha swichi, taa ya ABS inatakiwa iwake, kisha izimike pikipiki ikishatembea mita chache na sensa zikaanza kusoma. Ikigoma kuzimika, breki hizo hazina ABS. Isipowaka kabisa, kuna mtu huenda ameificha. Muuzaji atasema iliungua zamani. Mwombe afungue kiti, fungua kisanduku cha fyuzi, soma kwenye kifuniko ipi ni ya nini, kisha angalia kama kuna kitu kwenye tundu la ABS.